Hitilafu za umeme na vihisi katika Land Rover Discovery 3

Hitilafu za umeme na vihisi katika Land Rover Discovery 3 ni kundi la kasoro zinazojirudia katika gari hilo la familia, ambazo dereva huziona kwa taa za onyo kuwaka kwenye dashibodi, bodi kushuka chini, breki ya mkono kukwama au injini kupungua nguvu ghafla. Kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, ni kifaa kinachopima hali fulani kama joto, shinikizo, mwendo au kimo, na kuigeuza kuwa ishara ya umeme inayoweza kusomwa na kompyuta ya gari.

Sifa kuu ya hitilafu hizi ni kwamba taa inayowaka mara nyingi haielekezi mahali palipoharibika. Swichi ndogo iliyo juu ya kanyagio la breki inaweza kuwasha onyo la kushuka mlimani, na betri iliyochoka inaweza kuonekana kama giaboksi iliyokufa. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi wamenunua spea za bei kubwa ambazo hazikuhitajika, na ugonjwa ukarudi baada ya wiki moja au mbili.

## Gari lenyewe

Discovery 3 ilizinduliwa mwaka 2004 na kuundwa Solihull, Uingereza, hadi mwaka 2009 ilipofuatwa na Discovery 4. Amerika ya Kaskazini iliuzwa kwa jina la LR3. Wakati inazinduliwa, Land Rover ilikuwa mali ya kampuni ya Ford ya Marekani. Mwaka 2008 iliuzwa pamoja na Jaguar kwa Tata Motors ya Uhindi. Gari lina nafasi ya watu saba, na injini iliyoenea zaidi ni ya dizeli ya lita 2.7 yenye silinda sita. Zilikuwepo pia injini za petroli za lita 4.4 na lita 4.0.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Landrova ya zamani, ile ya shambani, ya polisi na ya hospitali za misheni, yenye fyuzi chache na bila kompyuta yoyote. Fundi aliyekuwa na spana, koleo na kipande cha waya aliweza kuifikisha nyumbani. Discovery 3 inabeba jina lilelile lakini ni mnyama mwingine. Suspensheni yake ni ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma (matoleo machache ya bei nafuu yalibaki na springi). Breki ya mkono inavutwa na mota. Kuna kitufe cha mzunguko ambacho dereva hukigeuza kuchagua aina ya ardhi: barabara ya kawaida, majani au changarawe au theluji, tope, mchanga, au mawe. Akishachagua, kompyuta hubadilisha kwa pamoja mwitikio wa injini, giaboksi, breki, kimo cha gari na kufuli za difu. Ni ubunifu mzuri, na hata wapinzani wa gari hili hukiri kwamba linapokuwa zima hupita mahali ambapo magari mengi ya familia hukwama. Lakini ili kazi hiyo ifanyike, idara zote hizo lazima zizungumze kila wakati, na zote ziwe na taarifa sahihi.

Katika uchunguzi wa ubora wa magari mapya uliofanywa Marekani na kampuni ya J.D. Power mwaka 2006, Land Rover ilishika nafasi ya mwisho kati ya kampuni zote zilizopimwa. Uchunguzi ule ulihusu magari yote ya kampuni hiyo, si Discovery pekee. Range Rover Sport iliyotoka mwaka 2005 ilijengwa juu ya msingi uleule na kutumia sehemu kubwa ya umeme uleule, kwa hiyo mengi yaliyoandikwa hapa yanaihusu nayo.

## Kwa nini kosa moja huwasha taa nyingi

Katika magari ya zamani kila kifaa kilikuwa na waya wake kutoka kwenye swichi. Katika Discovery 3 kompyuta ndogo nyingi, zinazoitwa moduli, zimeunganishwa kwa mtandao unaojulikana kama CAN, uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani katika miaka ya 1980. Mtandao huo ni jozi ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Moduli ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya suspensheni, ya breki ya mkono na nyinginezo hutuma ujumbe mfupi kwenye jozi hiyo mara nyingi kila sekunde, na kila moduli husikiliza ujumbe unaoihusu.

Tuchukue mfano wa mwendo wa magurudumu. Taarifa hii hupimwa na vihisi vinne vya breki, lakini inatumiwa na moduli nyingi: kipima mwendo kwenye dashibodi, giaboksi, suspensheni inayotakiwa kushuka gari likienda kasi, na mfumo wa kushuka mlimani bila kukanyaga breki. Kihisi kimoja kikikosea, moduli ya breki hutangaza kwamba taarifa yake haiaminiki. Moduli nyingine zikisikia hivyo hujizuia, kila moja inawasha onyo lake, na dereva anayetazama dashibodi anaona magonjwa matano kumbe ni mgonjwa mmoja. Moduli hizo nyingine si mbovu. Zinafanya kile zilichoagizwa, yaani kutofanya kazi kwa taarifa za kubahatisha.

## Betri na eathi

Mafundi wanaolifahamu gari hili huanza na betri, na wana sababu. Moduli zinahitaji volti thabiti. Wakati wa kuwasha injini ya dizeli, stata hula mamia ya ampea, na betri iliyochoka hushuka chini ya volti 10 kwa muda mfupi. Injini inaweza kuwaka vizuri kabisa, lakini katika nusu sekunde ile baadhi ya moduli zilizimika na kuamka upya, nyingine hazikusikia majirani zao, na kila moja ikaandika kosa. Dereva anaondoka nyumbani asubuhi akiwa na onyo la suspensheni na la breki ya mkono. Mchana, betri ikiwa imejaa, maonyo yote yametoweka.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikiwa inaunguruma, alteneta nzima hutoa takriban volti 14 hadi 14.8. Vipimo hivi vinahitaji multimita ya bei ndogo na dakika tano tu. Betri ikionyesha 12.6 lakini ikaporomoka wakati wa stata, imechakaa hata kama inaonekana imejaa.

Eathi ni upande wa pili wa habari hiyohiyo. Umeme unaotoka kwenye betri lazima urudi, na njia ya kurudi ni bodi na chesisi kupitia nyaya fupi zilizofungwa kwa boliti. Kutu ikiingia chini ya boliti, ukinzani huongezeka. Kwa kanuni ya Ohm, ukinzani wa omu 0.1 tu ukipitiwa na ampea 10 hupoteza volti 1. Kwa taa ya mbele hilo ni kupungua mwanga kidogo. Kwa kihisi kinachofanya kazi kati ya volti 0 na 5, kosa la hata sehemu ya kumi ya volti ni taarifa ya uongo. Tuseme, kwa mfano wa darasani, kwamba kihisi cha kimo hubadilika kutoka volti 0.5 hadi 4.5 gurudumu linapopanda milimita 200. Kila volti 0.1 hapo ni milimita 5. Eathi mbovu inayopoteza volti 0.4 itaiambia kompyuta kwamba kona moja ya gari imepanda kwa milimita 20, na kompyuta itaishusha kona ambayo haikuwa na kosa lolote.

Betri pia huishiwa gari likiwa limesimama. Baada ya kufunga milango, moduli huchukua muda kabla ya kulala, na moduli moja ikikataa kulala betri inaweza kuisha ndani ya siku chache. Vifaa vilivyoongezwa baadaye, kama redio, king'ora au kifaa cha kufuatilia gari, ni washukiwa wa kwanza, hasa pale aliyevifunga alipochubua waya wa gari, akasokota waya wake juu yake na kuzungushia utepe.

## Swichi ya taa za breki

Hiki ni kifaa kidogo na cha bei nafuu, lakini kimeleta fujo kubwa kuliko ukubwa wake. Swichi iko juu ya kanyagio la breki na ndani yake kuna mawasiliano mawili ya umeme yanayofanya kazi kinyume: kanyagio likikanyagwa moja hufunga na jingine hufunguka. Kompyuta hulinganisha yote mawili. Yakikubaliana, inaamini. Yakipingana, haina njia ya kujua kama dereva amekanyaga breki au la.

Kwa gari lenye giaboksi ya otomatiki hilo ni jambo zito. Gia haitakiwi kutoka kwenye maegesho bila breki kukanyagwa. Mfumo wa kushuka mlimani unahitaji kujua dereva anafanya nini. Programu za kuchagua ardhi nazo hutegemea mfumo huo. Hivyo swichi ikichakaa, dashibodi hutangaza kwamba mfumo wa kushuka mlimani haupatikani na programu maalumu zimezimwa, wakati mwingine na onyo la suspensheni juu yake. Mwenye gari akienda gereji na kusema suspensheni imeharibika, si ajabu akauziwa kompresa.

Dalili inayosaidia ni kwamba maonyo huja na kuondoka, mara nyingi mara tu baada ya kukanyaga breki, na hutoweka gari likizimwa na kuwashwa tena. Mtu wa pili asimame nyuma na kuangalia kama taa za breki zinawaka kila mara. Zisipowaka, kuna hatari iliyo kubwa kuliko onyo lenyewe, kwani gari la nyuma halipati ishara.

Kuifunga swichi mpya kuna masharti. Ncha yake hujirekebisha urefu mara moja tu inapozungushwa mahali pake, kwa hiyo kanyagio lazima liachwe juu bila kuguswa wakati wa kufunga. Fundi anayelikanyaga, kama ilivyokuwa desturi kwa swichi za magari mengine, huiharibu swichi mpya kabla haijatumika hata siku moja.

## Suspensheni ya hewa

Kila kona ya gari ina mfuko wa mpira uliojaa hewa na kihisi cha kimo kilichounganishwa na mkono wa suspensheni kwa kijiti kidogo. Kompresa inayotumia umeme hujaza tangi la hewa, na vali hugawa hewa hiyo kwa kila kona. Moduli husoma vimo vinne, inavilinganisha na kimo kinachotakiwa, na kuongeza au kupunguza. Gari linaweza kushuka takriban milimita 50 ili watoto na wazee wapande kwa urahisi, au kuinuka kwa ajili ya barabara mbaya na maji. Likiwa limeinuliwa, watengenezaji waliruhusu kuvuka maji ya kina cha milimita 700.

Matatizo huja kwa mnyororo. Mfuko mmoja unaanza kuvuja kidogo, kiasi kwamba asubuhi kona moja imelala. Kompresa, iliyofungwa chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma la kushoto, sasa inafanya kazi mara nyingi zaidi. Inapata joto, na kihisi chake cha joto huizima ili isiungue. Kwa kuwa tangi halijajaa kwa muda uliotarajiwa, moduli inaandika kosa na kutangaza kimo cha kawaida pekee. Mmiliki anabadilisha kompresa. Mfuko bado unavuja, na kompresa mpya inachoka kama ya kwanza. Rilei inayoiendesha nayo inaweza kuungana kabisa ndani kwa sababu ya kuwaka na kuzima kupita kiasi. Ikishikana hivyo, kompresa huendelea kunguruma gari likiwa limefungwa, hadi betri inakwisha. Hapo gari ambalo tatizo lake lilikuwa tundu dogo kwenye mpira linaletwa gereji kwa tatizo la betri.

Njia ya kutafuta uvujaji ni ya kale: maji ya sabuni na brashi, gari likiwa limeinuliwa juu, kwenye mifuko, kwenye viungo vya mipira ya hewa na kwenye vali. Mapovu hayadanganyi.

Vihisi vya kimo navyo huchakaa, lakini mara nyingi kilichokufa ni kijiti kilichovunjika au soketi iliyoingiwa na tope. Kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi, kijiti hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa safari moja. Kihisi kinapobadilishwa lazima vimo vyote vinne vipimwe upya na kuingizwa kwenye moduli kwa kifaa cha uchunguzi, vinginevyo gari litasimama upande. Kosa likiwa kubwa, mfumo huonya dereva asizidi takriban kilomita 50 kwa saa, na gari likidondoka hadi kwenye raba za mwisho, uendeshaji huwa mgumu na wa hatari.

Kuna tahadhari ambayo haifai kupuuzwa. Gari hili linaweza kushuka lenyewe, hata likiwa limezimwa, kwa sababu moduli huamka mara kwa mara kusawazisha vimo. Mtu yeyote asiingie chini yake likiwa linashikiliwa na hewa pekee. Stendi imara chini ya chesisi ni lazima; jeki peke yake haitoshi.

## Breki ya mkono ya umeme

Badala ya mkono wa kuvuta, kuna swichi ndogo katikati. Mota iliyo upande wa nyuma huvuta kebo mbili, nazo hupanua viatu vya breki ndani ya magurudumu ya nyuma. Moduli hupima nguvu na umbali wa kebo. Viatu vikichakaa, vikilegea au vikijaa tope kavu, kebo husafiri mbali kuliko kawaida, mota inatoa mlio mkali wa kukwaruza unaowatisha hata majirani, kisha onyo linawaka na breki inaweza kukwama ikiwa imefunga au imeachia.

Watu wengi huona hili kama tatizo la kompyuta, na mota huuzwa kwa bei inayoumiza. Ukweli ni kwamba chanzo mara nyingi ni cha kimakanika: viatu havikurekebishwa baada ya kubadilisha diski au havikusafishwa baada ya safari ya matope. Kwa dharura kuna kebo ya kuachilia breki iliyofichwa kwenye koni ya katikati, chini ya sehemu ya kuwekea vikombe. Anayeitumia awe amekwisha kuweka mawe au vizuizi kwenye magurudumu, kwani breki ikiachia kwenye mteremko hakuna kingine kinacholishikilia gari isipokuwa gia.

## Maji

Adui wa umeme wa gari ni maji, na Discovery 3 ina milango kadhaa ya kuyakaribisha. Matoleo mengi yana paa la kioo lenye mifereji midogo inayoteremka ndani ya nguzo za mbele. Vumbi na majani vikiziba mifereji hiyo, maji ya mvua hufurika ndani na kuishia kwenye zulia la mbele. Sanduku kuu la fyuzi liko nyuma ya kijaluba cha upande wa abiria, yaani si mbali na njia ya maji hayo. Siku chache baada ya mvua kubwa madirisha yanashuka yenyewe, king'ora kinalia usiku, taa za ndani hazizimiki. Mwezi mkavu ukiingia, dalili hutoweka na mwenye gari husahau, huku kutu ya kijani ikiendelea kula shaba polepole.

Nyuma, swichi ya kufungulia mlango wa juu huingiwa na maji hadi mlango unakataa kufunguka, na soketi ya tela pamoja na viunganishi vya taa za nyuma hupata kutu. Kuosha injini kwa maji ya presha, kazi inayofanywa kwa bidii katika sehemu nyingi za kuoshea magari, hupeleka maji ndani ya soketi ambazo mvua isingezifikia. Panya nao hawana budi kutajwa: gari lililoegeshwa muda mrefu huwa makazi yao, na nyaya nyembamba za vihisi huwa chakula chao.

## Magurudumu na injini

Vihisi vya mwendo husoma pete yenye sumaku iliyo kwenye beringi ya gurudumu. Beringi ikilegea, nafasi kati ya kihisi na pete hubadilika na ishara hukatika gari likipita kwenye kona au shimo. Kubadilisha kihisi bila kuangalia beringi ni kazi ya kurudia.

Upande wa injini ya dizeli, malalamiko ya kawaida ni vali mbili za kurudisha moshi wa eksozi, ambazo huendeshwa kwa umeme na kuganda kwa masizi. Vali isipofunga sawasawa, injini hupunguza nguvu yenyewe ili ijilinde. Mpira wa hewa ya tabo ukipasuka huleta dalili karibu zilezile, na kihisi cha shinikizo ndicho hulaumiwa kwa sababu ndicho kilichosema ukweli.

## Uchunguzi

Gari lina soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, upande wa dereva. Kifaa cha bei ndogo kinachouzwa madukani husoma tu makosa ya injini yanayoanza na herufi P. Makosa ya chesisi, yaani suspensheni na breki, huanza na C. Ya bodi na B. Ya mawasiliano kati ya moduli na U. Kwa hayo kinahitajika kifaa kinachofahamu lugha ya Land Rover. Fundi akichomeka kifaa cha kawaida na kusema gari halina kosa, amesema tu kwamba hakuna kosa analoweza kuliona.

Msimbo wa kosa hutaja saketi. Ukisema ishara ya kihisi cha kimo cha mbele kushoto iko chini mno, kilichoharibika kinaweza kuwa kihisi, waya, soketi, eathi au volti 5 zinazotoka kwenye moduli. Mpangilio unaofaa ni kuandika misimbo yote kabla ya kufuta hata mmoja, kupima betri na alteneta, kufuta, kuendesha gari, kisha kuona upi umerudi wa kwanza. Misimbo ya volti ndogo iliyoandikwa na moduli nyingi kwa wakati mmoja ni ushahidi wa betri au eathi. Misimbo mingi ya herufi U inayolalamikia moduli moja huelekeza kwenye moduli hiyo au waya wake wa umeme.

Mtandao wenyewe hupimika. Kila ncha ya mtandao wa kasi ina kinzani cha omu 120. Vikiwa sambamba huleta omu 60. Betri ikiwa imefunguliwa, multimita ikiwekwa kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya uchunguzi inapaswa kuonyesha karibu omu 60. Ikionyesha 120, waya umekatika mahali fulani au ncha moja imepotea. Ikionyesha karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Walimu wa fizikia watatambua hapa swali la kinzani sambamba ambalo limo katika kila kitabu cha sekondari.

Kubadilisha sehemu kwa sehemu hadi ugonjwa upone ni njia iliyozoeleka, na kwa gari hili ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote. Moduli iliyotolewa kwenye gari jingine mara nyingi haitafanya kazi hadi ipangwe upya kwa gari jipya, na wakati mwingine huongeza kosa lake juu ya lile la awali.

## Katika Afrika Mashariki

Discovery 3 za Uingereza zina usukani upande wa kulia, hivyo zinafaa Kenya, Tanzania na Uganda bila kubadilishwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo zilizopo nchini humo zimo tangu zamani na zimepitia mikono kadhaa. Tanzania huruhusu magari yenye umri mkubwa zaidi lakini huyatoza ushuru wa ziada. Bei ya kununua imeshuka kiasi cha kuvutia familia ambazo zisingeota kumiliki gari jipya la aina hiyo, ingawa bei ya spea haikushuka pamoja nayo.

Baadhi ya wauzaji huficha hitilafu kwa kufuta misimbo saa chache kabla ya mnunuzi kufika, au kwa kuzima taa ya onyo kabisa. Kwa hiyo ufunguo unapogeuzwa kabla ya kuwasha injini, mnunuzi ahesabu taa: ya injini, ya breki, ya kuzuia magurudumu kufunga na ya mifuko ya usalama zote ziwake kwanza, kisha zizimike. Isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka na kubaki. Gari lipandishwe hadi kimo cha juu na kushushwa hadi cha chini, breki ya mkono ifungwe na kuachiwa mara tatu, zulia la mbele lishikwe kwa mkono kuona kama lina unyevu, na gari liachwe limeegeshwa usiku mzima mahali tambarare. Asubuhi kona zote nne zipimwe kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi.